Ndiva ya Babu na Barua ya Kuhama Kozi

(Hotuba ya mmoja wa wanufaika wa Mfuko wa Elimu wa chama chetu, sasa mhandisi wa umwagiliaji, aliyoitoa kwenye chakula cha jioni cha harambee ya mwaka jana, Dar es Salaam. Tunaichapa kwa maombi ya wanachama.)

 

Nimepewa dakika kumi na tano. Katibu amenikumbusha mara mbili kabla sijasimama hapa, kwa sababu anajua Mpare akishika kipaza sauti ni kama ameshika kesi ya shamba, hakiachi mpaka rufaa. Nitajitahidi.

Barua ya mwaliko iliniomba niseme jinsi elimu inavyobadilisha maisha. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa niliache hilo, maana kwenye ukumbi huu kila mwaka lazima mtu alisema, na mnalijua kuliko mimi. Nataka kuzungumzia wiki mbili tu za maisha yangu, za mwezi Novemba 2018, nilipokuwa nahangaika kuhama kozi chuo kikuu. Nimechagua hizo kwa sababu kila mwaka, kuanzia Julai matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mpaka vyuo vinapofunguliwa, simu yangu haitulii. Wanapiga watoto wetu kutoka Vudee, Mwembe, Makanya, wengine siwajui hata sura. Na karibu wote wana swali moja: "Dada, nimepangiwa kozi ambayo siyo, nifanyeje?"

Nilimaliza kidato cha sita mwaka huo, tahasusi ya PCM. Nilipata C ya Kemia, D ya Fizikia na D ya Hisabati. Kwa wasiojua hesabu za vyuo, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwenye masomo mawili ya principal yenye jumla ya pointi 4 anaruhusiwa kuomba shahada. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwangu, ila sikuwa mtu wa kugombaniwa.

Zamani kidogo maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 kila mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja. Mimi niliomba kupitia steshenari moja pale mjini. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu tisa, na kijana wa steshenari alikuwa anaangalia bando lake linavyokatika. Akaniuliza, "Unataka nini?" Nikamjibu, "Yoyote yenye mkopo." Akajaza. Dakika nane hivi, nikalipa, nikapanda Noah kurudi nyumbani. Maisha yangu ya chuo yalipangwa kwa dakika nane na mtu ambaye hakuwa na kosa lolote, maana alifanya nilichomwambia.

Nikachaguliwa ualimu wa sayansi. Nisieleweke vibaya hapa, walimu mko wengi ukumbini, na bila mwalimu wangu wa Fizikia, aliyekuwa akitufundisha mpaka saa mbili usiku kwa taa ya chemli, nisingekuwa na hiyo D yenyewe. Baba alifurahi kupita kiasi. Aliuza mbuzi wawili, akaninunulia begi na godoro, akanisindikiza mpaka stendi. Mkopo nikapata. Kila mtu kijijini alijua binti wa fulani anakwenda kuwa mwalimu.

Wiki ya kwanza chuoni nikapita karibu na shamba la mafunzo. Nikakuta wanafunzi wamesimama kwenye mfereji, mmoja anachungulia kwenye kifaa cha miguu mitatu, mwenzake kashika ubao mrefu wenye namba, mwingine anaandika. Nikauliza wanafanya nini. Wakasema wanapima mteremko wa mfereji, wao ni wa uhandisi wa umwagiliaji. Nikauliza tena, "Hicho ni kitu cha kusomea shahada?" Wakacheka.

Sikuwa najua. Mwongozo wa udahili wa Tume, ambao unapatikana bure na unaorodhesha kila kozi ya kila chuo pamoja na sifa zake, sikuwahi kuufungua hata siku moja. Nimekulia pembeni ya ndiva, nikaenda kuombea kozi bila kujua kwamba ndiva ina taaluma yake.

Kwa watoto wetu mliozaliwa Tabata na Mbezi, naomba niwaeleze ndiva ni nini, maana nimeona mmoja anamuuliza mama yake. Ni bwawa dogo, wazee walilijenga kwa udongo na mawe kwenye mteremko, chini ya chemchemi au kijito. Usiku maji yanaingia na kujaa. Alfajiri linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani, leo zamu ya huyu, kesho ya yule. Kijito peke yake ni chembamba, ukikielekeza shambani moja kwa moja kinakauka njiani. Ukikikusanya usiku kucha kinakuwa na nguvu ya kufika. Likijaa tope, watu wanaitwa msaragambo, wanalizoa. Bibi na babu zetu hawakupelekewa wazo hilo na mradi wa mtu yeyote.

Basi nikaenda ofisi ya udahili kuuliza kama naweza kuhama. Jina la chuo naliacha, halihusiani na ninachotaka kusema. Nikaambiwa inawezekana, ila muda ni mfupi, unakwisha wiki mbili baada ya masomo kuanza, na mimi nilikuwa nimeshakula siku nne. Wakanieleza wanachoangalia. Kwanza, je, una sifa za kuingia hiyo kozi mpya kama vile ungekuwa unaiomba upya? Kozi ile ilitaka Fizikia na Hisabati, nilikuwa nazo, kwa kukwaruza. Pili, je, nafasi ipo? Halafu mkuu wa idara unayotoka akuachie, mkuu wa idara unayokwenda akupokee, na chuo kipeleke jina lako Tume. Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, na barua ya kueleza sababu.

Hapo kwenye barua ndipo nilipokwama. Rafiki yangu wa chumba alikuwa na barua ya dada yake aliyewahi kuhama, nikainakili, nikabadilisha jina la kozi. Ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto kubwa ya kuwa mhandisi." Ilikuwa na maneno mazuri sana. Nikampelekea mkuu wa idara ya uhandisi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Akaisoma yote mpaka mwisho, nami nikajipa moyo. Akaiweka juu ya nyingine. Akasema, "Barua kama hii ninazo kumi na moja. Nafasi ni nne. Wenzako wawili wana B ya Hisabati, wewe una D. Umewahi kufanya nini kinachohusu maji?"

Nikamjibu, "Sijawahi kufanya chochote, Mwalimu. Mimi nimetoka kijijini."

Wazee wangu, jibu hilo bado linaniuma mpaka leo. Sikulisema kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimewaona wenzangu, mmoja baba yake ni mkandarasi, mwingine alifanya kazi likizo kwenye kampuni ya visima, wana vyeti vyenye mihuri. Mimi kwangu "uzoefu" ulikuwa ni kitu chenye muhuri. Mambo ya nyumbani niliyahesabu kuwa ni ya nyumbani tu, hayazungumzwi mbele ya mtu mwenye PhD.

Yule Mwalimu akanirudishia barua. "Leo ni Ijumaa. Jumatatu saa tatu njoo na barua nyingine, au usije kabisa."

Jioni ile nilikaa nje ya hosteli nikalia, halafu nikafanya kitu kimoja cha maana. Kwenye karatasi za chama hiki, zile mlizotupa siku mlipotuaga, kulikuwa na namba za wanachama watano wa kupigia ukipata shida. Nikapiga ya kwanza, haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa. Mwenye namba hiyo yupo ukumbini leo, amenikataza nisimtaje, nami namwita baba mdogo mpaka leo ingawa ukoo wetu si mmoja.

Nikamweleza. Akanisomesha barua yote kwa simu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hii barua angeweza kuiandika mtu wa Kigamboni anayetaka kusomea urubani. Usiniambie unachotaka. Niambie ulichowahi kukishika kwa mkono."

Nikasema, hakuna.

"Kwenu nani alikuwa anafungua ndiva?"

"Babu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa naye. Hilo ndilo sikuwa nalikumbuka kama ni kitu. Tangu darasa la tatu mpaka nilipokwenda bweni, siku za zamu babu aliniamsha saa kumi na moja alfajiri nimshikie tochi. Alikuwa na fimbo yake ya mti mgumu yenye mikato. Akiizamisha kwenye ndiva anaangalia maji yamefika mkato wa ngapi, na kwa mkato huo anaamua leo yatashuka mashamba mangapi. Mikato saba, mashamba manne. Mikato mitano, matatu, na mwenye shamba la nne anaambiwa mapema asije akapoteza siku. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kumwambia, na nilishatukanwa sana kwenye milango ya watu kwa sababu ya mikato. Niliwahi kuona watu wa juu na watu wa chini wakikaa chini ya mti tangu asubuhi mpaka jioni kwa ajili ya maji ya saa mbili. Nilishazoa tope. Nilishaziba mashimo ya fuko kwenye mfereji kwa majani ya mgomba na udongo wa mfinyanzi.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka salio langu likaisha, akanipigia yeye. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Maji yanayotoka kwenye ndiva, yanayofika shambani kwa babu ni kiasi gani?"

Sikujua. Na nadhani hakuna aliyejua. Wote tulijua tu kwamba yanapungua.

Basi Jumamosi nikampigia mdogo wangu, alikuwa kidato cha pili. Nikamwambia achukue ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Pale juu, chini kidogo ya ndiva, maji yanapita kwenye kipande cha bomba yakidondoka, kwa hiyo unaweza kukinga. Na kwenye kona ya shamba la babu pia yanadondoka. Apime pale juu ndoo inajaa kwa sekunde ngapi, ashuke apime chini, arudie mara tatu. Mara ya kwanza namba za chini zilikuwa za ajabu, ndoo haijai. Nikamwambia atembee mfereji wote aone kama kuna aliyefungua kwa siri. Akamkuta shangazi yetu mmoja, simtaji, anamwagilia mchicha wake huku anaimba. Ikabidi aanze upya Jumapili, akishamwomba shangazi radhi kwa kumsumbua.

Jumapili mchana akanitumia ujumbe. Juu ndoo inajaa kwa sekunde 4. Chini inajaa kwa sekunde 10. Maana yake lita 5 kwa sekunde zinaondoka juu, na lita 2 zinafika. Kati ya kila ndoo tano zilizotoka kwenye ndiva, tatu hazifiki kwa babu. Niliandika hesabu hiyo kwenye daftari nikaitazama kwa muda mrefu. Babu alikuwa ameshafariki wakati huo. Miaka yote ile niliyotumwa kuwaambia watu leo hakuna maji, maji yalikuwepo.

Barua ya pili niliiandika usiku ule. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Nilieleza ndiva, fimbo ya babu, kazi niliyokuwa naifanya. Niliandika namba za mdogo wangu na jinsi zilivyopatikana, nikasema wazi kwamba si mimi niliyepima, na kwamba ndoo na simu vinaweza kukosea. Niliandika kwamba nina D ya Hisabati, sijawahi kushika kifaa cha upimaji, sijawahi kuchora mchoro wa kihandisi, na kompyuta nimeanza kuigusa mwezi huu. Nikaandika kwa nini sitaki kusubiri mwaka ujao. Baba mdogo aliisoma kwa simu akanifuta sentensi moja tu, ile ya kuomba huruma.

Jumatatu saa tatu nilikuwa mlangoni. Yule Mwalimu akaisoma. Safari hii hakuiweka juu ya nyingine. Akauliza, "Hizo lita tatu zinakwenda wapi?"

Nikasema nyingine udongo unakunywa, nyingine zinapita kwenye mashimo ya fuko na kaa, na kuna shangazi. Zilizobaki sijui.

Alicheka kwa sababu ya shangazi, nadhani. Akanihoji tena kama robo saa, kuhusu watu wa juu na wa chini wanavyogawana, nani anaamua, asiyekuja msaragambo anafanywa nini. Mwisho akasaini fomu, akasema, "Hisabati itakutesa."

Ilinitesa. Naomba niseme na hili, kwa sababu vijana wanaponipigia huwa wanafikiri kuhama ndiyo mwisho wa shida. Jina langu lilibadilika kwenye orodha wiki ya tatu. Nilikuta wenzangu wameshafika mbali kwenye michoro ya kihandisi, mimi hata kukaza karatasi ubaoni sijui. Mwaka wa kwanza nilipata sapu mbili, za Hisabati na michoro. Na nilifanya kosa la kijinga: niliamini kwamba chuo kikishanihamisha, Bodi ya Mikopo nayo imejua. Sikupeleka nakala ya barua ya kuhama kwa afisa mikopo wa chuo. Wenzangu walipopata bumu, jina langu lilikuwa halisomani na kozi yangu. Nilikaa wiki saba bila fedha. Baba sikuwa nimemwambia nimeacha ualimu, kwa hiyo sikuweza hata kumwomba. Nilikuwa nakula makande niliyopika mwenyewe Jumapili moja mpaka nyingine, na ninyi mnayajua makande, kwetu ni chakula cha heshima, lakini kwa wiki saba mfululizo hata mzee wa ukoo angelalamika.

Mfuko wa Elimu ulinitumia shilingi 180,000. Mweka Hazina wa wakati ule aliniandikia ujumbe mmoja tu: "Utarudisha ukianza kazi, usipokee shikamoo kabla hujarudisha." Nilirudisha mwaka 2023. Kiasi hicho kilinibakiza chuoni.

Baba nilimwambia likizo ya Desemba, tukiwa shambani. Alikaa kimya mpaka tukamaliza tuta. Halafu akasema, "Kwa hiyo utakuwa fundi wa mifereji." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi anza na ule wa shangazi yako."

Sasa naomba mnivumilie niwaeleze na habari ya mwenzangu mmoja, kijana wetu, tulisoma naye shule ya msingi. Mwaka ule ule alitaka kuhamia udaktari. Alikuwa na akili kuniliko, matokeo yake mazuri kuliko yangu. Lakini alisoma CBG: Kemia, Baiolojia na Jiografia. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu za kidato cha sita. Aliandika barua tatu, akaenda mpaka kwa watu wakubwa, mjomba wake akatumia nauli kwenda kuonana na mtu. Hakuna barua ambayo ingemsaidia. Mlango wake ulifungwa zaidi ya miaka miwili kabla, siku alipojaza tahasusi kidato cha nne, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye siku hiyo kumwambia CBG haifiki udaktari. Siku hizi baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadilisha tahasusi. 

Aliacha shahada mwaka wa kwanza, akaenda kusoma stashahada ya utabibu, kwa sababu Fizikia ya kidato cha nne alikuwa ameifaulu. Nyumbani walisema ameanguka, ametoka chuo kikuu kwenda chuo. Miaka mitatu alisoma, leo ni tabibu, na akitaka anaweza kuomba udaktari kwa kutumia stashahada yake. Nadhani alikuwa na ujasiri kuliko wangu, maana mimi nilihama huku napigiwa makofi, yeye alihama huku anasemwa.

Kwa hiyo kijana akinipigia Oktoba simwambii moja kwa moja ahame. Namuuliza kwanza masomo yake ya kidato cha sita, na hapo nusu ya kesi zinaishia. Kisha namuuliza kozi anayoitaka ameijuaje. Wengine wanataka kuhama kwa sababu mtu wa kitanda cha juu amehama. Wengine wameona kozi ina jina la Kiingereza refu. Mmoja alitaka kuacha ualimu wa Hisabati aende kwenye kozi ambayo hata yeye hakuweza kuniambia wanafundisha nini, nikamwomba abaki, akabaki, ananishukuru. Lakini yule ambaye sifa anazo, na nikimuuliza anaongea bila kusita kuhusu kitu alichokiona nyumbani, ng'ombe aliyekufa akiwa anamshika mkia, duka la mama lililofilisika na yeye ndiye alikuwa anaandika daftari la madeni, au tangawizi iliyooza kwa kukosa gari, huyo namwambia aandike hayo hayo, na akipungukiwa na namba apige simu nyumbani apimiwe. Na siku atakayopata barua ya kuhama, kabla hajala chakula cha mchana, aipeleke kwa afisa mikopo.

Haya yote nimekuwa nayafanya kwa simu, usiku, nikitoka kazini. Mwaka huu nilipokea simu thelathini na nne, niliandika. Wengi walinipata baada ya muda wa kuhama kupita, na waliobaki walikuwa wamechelewa kwa miaka kama yule rafiki yangu.

Ndiyo maana mimi na wahitimu wenzangu watano, wote watoto wa mfuko huu, tumeleta ombi kwa kamati. Tunataka siku mbili mwezi Julai, matokeo yakishatoka na kabla maombi hayajafungwa, tukae kwenye shule yetu ya sekondari na vijana wote wa kidato cha sita wa kata zetu, pamoja na mzazi mmoja mmoja. Kila kijana akae na mtu mmoja kwa muda wa kutosha, siyo dakika nane. Mwongozo wa udahili uchapwe, nakala kumi, ziachwe shuleni. Na tukae siku moja nyingine na kidato cha nne kabla hawajajaza tahasusi. Nauli zetu sita tutajilipia wenyewe. Tunachoomba ni kompyuta mpakato mbili, bando, karatasi, na chakula cha wazazi watakaoshuka kutoka mbali.

La pili ni akiba ya dharura kwa wanafunzi ambao bumu limechelewa, iwe ya kukopa na kurudisha. Tumepiga hesabu ya vijana kumi na tano kwa mwaka, shilingi 200,000 kila mmoja, jumla milioni tatu. Huko nje wanasema sisi watu wa Same ni wabahili. Mimi nasema tunapenda kujua fedha imekwenda wapi, na hiyo si tabia mbaya. Kwa hiyo orodha ya waliokopa na waliorudisha itasomwa hapa hapa kila mwaka, kwa majina.

Mfereji wa babu tuliujengea mawe na saruji kwenye sehemu tatu zilizokuwa zinavuja zaidi, kwa msaragambo, likizo yangu ya mwaka wa tatu. Mdogo wangu alipima tena kwa ndoo ile ile, chini ikajaa kwa sekunde 6. Bado kuna maji yanayopotea, na shangazi bado ana mchicha, ila sasa amepewa zamu yake rasmi.

Kadi za ahadi ziko mezani, pamoja na kalamu. Yangu nimeshaijaza, Mweka Hazina anayo.